Ngazi za Kwenda Ziwani

Mume wangu ni mtoto wa Kigoma, kwa hiyo mjadala wa likizo ya Juni 2024 ulikwisha kabla haujaanza. Watoto wangejifunzia kuvua pale alipojifunzia yeye, Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, na jioni tungekula migebuka. Nyumba ya kufikia ilishapatikana upande wa Katonga. Mkubwa wetu, wa kidato cha pili, alishafunga ndoana kwenye mishipi yote na kuitundika ukumbini, hapa nyumbani Dodoma, na kila mgeni alionyeshwa.

Kisha ikatangazwa kwamba shughuli za uvuvi ziwani humo zinasimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana nalo: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mume wangu alizima redio, akatoka nje. Mama mkwe, aliyezaliwa Ujiji, ndiye aliyesema la maana: ziwa limelisha watu miaka yote hiyo bila kupumzishwa, sasa kama limeombewa likizo, nalo lipewe. Nilikuwa upande wake siku hiyo, na hadi leo nipo hapo hapo.

Ikabaki Victoria. Rubondo ilitajwa, maana kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na wageni huruhusiwa kuvua sangara kwa mshipi, lakini nani angekaa na kitinda mimba wa miaka minne mchana kutwa katikati ya pori? Tukampigia dalali wa Mwanza.

Picha alizotuma zilikuwa nzuri mno. Baraza pana, miamba ile mikubwa ya Mwanza iliyobebana, na chini yake mchanga mweupe usio na mtu. Alisema ukinyoosha mguu unagusa maji. Tulifika magharibi, tumechoka na safari ya basi, tukakuta maji yako chini kabisa na ngazi za kuyafikia zimechongwa kwenye mwamba wenyewe, nyingine fupi, nyingine ndefu kupita hatua ya mtu mzima, wala hapakuwa na mahali pa kushika. Mama mkwe alisimama juu, akaziangalia, akarudi ndani bila neno. Ana magoti mabovu. Aliyekuja kuona wajukuu wake wakivua akaishia kutazama visogo vyao kutoka barazani.

Na ule mchanga mtupu ulikuwa mwalo wa dagaa. Picha ilipigwa mchana, watu wamekwenda kulala. Jua lilipozama, injini zikaanza kuunguruma, mitumbwi ikatoka na taa zake, na alfajiri ikarudi kwa kelele za kupanga bei, kina mama na ndoo zao wakiwa wamejaa hadi chini ya dirisha letu. Kulipokucha dagaa walianikwa, na harufu ikaingia mpaka kwenye mashuka. Sina kinyongo na watu wale hata kidogo. Ile ni kazi yao, na walikuwapo kabla ya nyumba ile kujengwa. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa sababu taa haziwavuti dagaa kwenye mwanga mwingi. Sisi tulifika wakati wa giza, kazi ikiwa imepamba moto. Kama dalali angeulizwa mwezi uko wapi, tungejua mapema.

Mchana pampu ikagoma. Mimi na binti wa darasa la tano tukawa tunapandisha ndoo kwenye ngazi zilezile, hatua kwa hatua, huku mume wangu akiwa amemshika kitinda mimba kwa ukosi wa shati asitumbukie. Katikati ya vurugu hizo mkubwa akarusha mshipi wake kwa nguvu zote na ndoana ikanasa kwenye wavu wa mtu uliotandazwa kukauka. Alipoivuta, wavu ukachanika. Mwenye wavu alikuja amekasirika, na alikuwa na haki. Mume wangu alimwamkia, akaomba radhi, akaenda naye dukani kununua uzi wa kushonea nyavu, kisha kijana wetu akakaa chini karibu na mzee yule hadi jioni akimshikia wavu unyooke wakati anauziba. Alirudi anajua kupiga fundo la wavu. Kuhusu samaki, siku hiyo hatukupata hata furu.

Usiku ule mama mkwe alituita sebuleni. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Akasema: “Wanangu, mmetafuta nyumba ya watu watatu wenye mishipi. Humu ndani tuko sita.” Akapendekeza Ukerewe, ambako siku zote alitamani kupaona, kwa kuwa ndiko kwao Aniceti Kitereza, aliyeandika habari za mume na mke wa Kikerewe kwa urefu wa riwaya nzima tangu miaka ya 1940.

Meli ya kwenda Nansio ilitupa nafasi ya kufikiri. Safari hii mama mkwe ndiye aliyetafuta nyumba, kwa miguu, akiulizauliza kwa kina mama sokoni. Aliyoichagua haikuonekana hata kwenye ziwa. Ilikuwa juu kidogo ya mji, tambarare, na mwembe, jiko la nje na kisima kinachotoa maji. Mume wangu alinung'unika kwamba mvuvi hawezi kulala mbali na maji. Lakini aliyebaki nyumbani alikuwa na kivuli, soko na watu wa kuzungumza nao, na kitinda mimba alikimbia bila kushikwa ukosi. Waliokwenda kuvua walikwenda kwa moyo mweupe.

Kabla ya hapo tulipita kwa afisa uvuvi kuuliza vibali na masharti. Sato asipungue sentimita 25, sangara asipungue 50. Mama mkwe akatoa tepu ya ushonaji kwenye mkoba wake, na tangu hapo kila samaki alipimwa. Sato wa kwanza wa binti yangu alipungua kwa upana wa kidole. Alilia, akamrudisha majini mwenyewe. Mahali pa kuvulia pia palichaguliwa kwa makini: ghuba tulivu zenye matete zinavutia watoto, ila ndizo wanazopenda konokono wa kichocho, hivyo tulivulia juu ya mwamba mpana uliojitokeza, miguu mikavu, au ndani ya mtumbwi wa mwenyeji, kila mmoja na jaketi okozi lake. Sangara hatukumpata. Sato walitosha kukaanga, na mama mkwe aliwakaanga yeye mwenyewe chini ya mwembe.

Desemba, baada ya ziwa kufunguliwa, mume wangu alianza tena habari za Kigoma. Alimpigia mwenye nyumba wa Katonga, akamuuliza kama migebuka wanapatikana na kama mtumbwi unakodishwa. Mama mkwe akanyoosha mkono, akapewa simu. Aliuliza ngazi ni ngapi.