Muulize Shangazi Kalamu: Unga, Mama Mkwe na Jua Lililopotea Njia

Shangazi Kalamu, wa hapa hapa Mwanza, anajibu barua za watunzi wa hadithi na za wale wanaolazimika kuishi nao nyumba moja. Barua zisizo na jina zinapokelewa. Miswada ya kurasa 400 haipokelewi.

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu anaandika riwaya. Juzi nimemwambia unga umeisha na watoto hawajala. Akatoa daftari mfukoni, akasema, "Hebu rudia, ila polepole." Nifanyeje?*
*Mke wa Mwandishi, Nyegezi*

Marahaba, mwanangu. Rudia, ila kwa ada: kilo ya sembe kwa kila sentensi, mkono kwa mkono. Halafu mfundishe kazi, maana nahisi ameandika, "Mke alikasirika sana." Thubutu! Mke aliyekasirika kweli hukung'uta ndoo tupu ya unga mbele ya mgeni, wala hataji linalomuuma, kwamba hela ya unga imenunua karatasi. Mazungumzo ya hadithi hunoga hapo, watu wanapogombania hiki huku kinachowachoma ni kile. Akishaelewa, aende dukani. Msomaji anaweza kusubiri, watoto hawawezi.

*Shangazi, mama mkwe kajitambua kwenye hadithi yangu. Nilimbadilisha jina, nikamhamishia Bukoba, nikamwongeza na unene. Ila nilikiacha kile kikohozi chake cha mlangoni, anachokohoa badala ya kupiga hodi. Sasa hapokei hata salamu yangu.*
*Mkwe Matatani, Igoma*

Pole, binti yangu. Ulibadilisha vya kubadilika, ukaacha kitambulisho chake. Nyumbani chukua uchungu, watu waache walale.

Mwangalie mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Yeye na mkewe hawakubakiwa na mtoto hata mmoja. Hakuuanika msiba huo kama ulivyo. Alirudi zama za mababu, akawatunga Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaosimangwa kwa kukosa mtoto, kisha akawajalia wa kiume na wa kike, na majina ya watoto hao akayaandika hadi kwenye jalada la kitabu. Uchungu ulikuwa wake, lakini hakuna jirani aliyegombana naye.

Mswada aliumaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Kitabu kikatoka mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, naye akafariki mwaka uliofuata. Ukiwa na subira ya miaka 35, mkweo atakuwa ameshasahau. Kama huna, fuata kitabu chenyewe: wakwe walipomchukua Bugonoka, Myombekere alitozwa pombe ya ndizi ndipo akarudishiwa mke. Wewe peleka sato wawili wabichi na kreti ya soda. Usithubutu kupeleka hadithi iliyorekebishwa.

*Shangazi, riwaya yangu inaanza na jua likichomoza juu ya Jiwe la Bismarck, mhusika wangu akilitazama kutoka ufukweni. Rafiki yangu alisinzia kabla jua halijapanda. Kasoro iko wapi?*
*Mtunzi Chipukizi, Kirumba*

Mjukuu wangu, simama pale Kamanga ulitazame ziwa. Jua la Mwanza huchomoza mgongoni kwako, upande wa Igoma, na jioni huzama ng'ambo, Sengerema. Ili alione likichomoza juu ya jiwe lile, mhusika wako lazima awe ziwani. Anaogelea? Basi anza na hilo, maana tutataka kujua nani kamtupa.

Kama haogelei, achana na jua, nenda Mwaloni, ukae karibu na mama anayeuza dagaa. Mnunuzi mzoefu hababaishwi na dagaa wa juu. Anazamisha mkono guniani hadi kiwiko, anachota wa chini, anawafikicha kiganjani kutafuta mchanga. Dagaa walioanikwa chini hawana bei ya dagaa wa chanja, na mama ameshaapa kwamba hawa ni wa chanja. Mkono ungali ndani ya gunia. Mama kaacha kuongea. Anzia hapo uone kama kuna atakayesinzia.

*Bi Kalamu, nimeuza ng'ombe kumsomesha mwanangu uhasibu. Sasa anasema yeye ni mtunzi wa riwaya. Nimfukuze?*
*Baba Aliyechoka, Magu*

Kaka yangu, shukuru hukai Ukerewe. Kisiwa hicho kimetoa Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi. Wazazi wa kule ndio wenye haki ya kukosa usingizi. Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, alichapisha *Rosa Mistika* mwaka 1971, nayo ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Leo anahesabiwa gwiji wa riwaya ya Kiswahili, lakini mkate wake aliutafuta kwa kufundisha, hadi akawa profesa. Kwa hiyo uhasibu uendelee, utanunua karatasi bila kugusa hela ya unga.

Kumfukuza, hapana. Katika riwaya hiyo baba mtu, Zakaria, mlevi na mkali, anamcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na wasomaji wanamsema mpaka leo. Mtoto akifukuzwa huondoka na sura ya kwanza mkononi. Mwache nyumbani, mpe taa, uwe mpole hadi akose cha kuandika. Na siku akikuuliza ulikuwaje ujanani, mjibu mwenyewe. Usimwelekeze kwa mama yake. Huyo anakumbuka yote.