Kambale Hajazaliwa: Majibu kwa Wafumaji Wenye Viporo

Barua zilizotufikia mwezi huu, nyingi zikiwa zimekunjwa mara nne na kukabidhiwa madereva wa malori yanayoteremsha viazi na maharagwe kutoka milima ya Lubero, mashariki mwa Kongo, zimebeba manung'uniko ya aina moja, nayo ni manung'uniko ya mguu. Na kwa kuwa nchi yetu, ijapokuwa imepakana na ikweta, imeinuliwa juu kiasi kwamba atokaye nje bila soksi asubuhi ya Luofu huanza kuitilia shaka ramani aliyofundishwa shuleni, tumeona si halali kuwaacha waandishi wake bila jawabu.

*Mheshimiwa Mshauri, ninafuma soksi kwa kupenda tu, si kwa kuuza. Ninazo saba nzuri, kila moja na rangi yake, wala hakuna hata moja yenye mwenziwe. Nikimaliza ya kwanza, moyo hukimbilia rangi nyingine. Dada zangu wananiuliza kama nimeolewa na mtu wa mguu mmoja. Nifanyeje? — Mwenye Saba, Luofu*

Dada yetu, pokea salamu zenye taadhima, na uwaambie dada zako kwamba mtu wa mguu mmoja naye ni mtu, tena kwa fundi wa tabia yako hakuna mume aliye bora kuliko yeye. Ama kuhusu maradhi yenyewe, sisi Wanande tunayo njia ya kuyaeleza ambayo mataifa mengi hayakujaliwa, maana kwetu jina la mtoto hufuata zamu ya kuzaliwa kwake, mvulana wa kwanza akaitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka na wa nne Kakule, wala haimkiniki mama mmoja akamzaa Paluku leo, akamzaa Paluku mwingine mwezi ujao, na mwingine tena baada yake, kisha akadai kwamba nyumba yake imejaa. Wewe umezaa Paluku saba. Kambale hajazaliwa.

Sababu yake si uvivu, na yeyote akuitaye mvivu hajapata kufuma kisigino. Soksi ya kwanza ni mashauri matupu: uanze na vitanzi 60 au 64, uzi huu utatosha au hautatosha, ugoko uwe na urefu gani, kisha unafika penye kisigino, ambapo nusu ya vitanzi hulazwa vikingoja huku nusu ya pili ikifumwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, halafu safu zikafupishwa moja baada ya moja, mpaka kile kilichokuwa bomba lililonyooka kinajipinda chenyewe mkononi na kuelekea vidoleni. Mwenye kuliona hilo mara ya kwanza hustaajabu na kuwaita watu waje watazame. Mwenye kuliona tena juma la pili, kwa uzi ule ule na rangi ile ile, hutazama saa. Soksi ya pili haina swali hata moja ndani yake. Imebaki ahadi tu, na ahadi haina ladha.

Hata hivyo, wapo waliozitimiza. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, mjini London, zimehifadhiwa soksi nyekundu za sufu zilizofukuliwa Misri, katika makaburi ya mji wa kale wa Oxyrhynchus, zenye umri wa zaidi ya miaka 1600, nazo zimegawanywa penye kidole gumba zipate kuvaliwa pamoja na makubadhi. Wala hazikufumwa kwa sindano ndefu mithili ya zetu, bali kwa sindano moja yenye tundu, uzi ukipitishwa kitanzi kwa kitanzi, kazi ya taratibu kuliko yako kwa mbali sana. Ziko mbili. Aliyezifuma hakutuachia jina lake wala jina la aliyezivaa, lakini alituachia Paluku na Kambale.

Dawa tunayokuandikia ni kwamba usiimalize soksi ya kwanza. Fuma kuanzia mdomo mpaka ukingoni mwa kisigino, uiache pale pale juu ya sindano zake, utwae sindano nyingine tano na bonge la pili, ufume ya pili mpaka iifikie ya kwanza. Visigino vyote viwili uvipinde katika juma moja, wakati mkono ungali unaikumbuka hesabu, na nyayo nazo vivyo hivyo, hata ncha za vidole. Hapo hapatakuwa na kifungua mimba wala mdogo wake, patakuwa na mapacha. Na zile saba ulizo nazo usizifumue. Luofu ni nchi ya matope na mabuti ya mpira, na ndani ya buti hapana mkaguzi. Vaa ya kijani kulia na ya manjano kushoto uende zako shambani. Ya saba, itakayokosa mwenzi hata katika utaratibu huo, itie mbegu za maharagwe.

*Bwana Mshauri, mke wangu ameanza sweta langu (mikono bado), shali, kofia ya mtoto wa jirani atakayezaliwa, vitambaa vya viti sita ambavyo viwili tu vimekamilika, na soksi tatu za watu watatu mbalimbali. Juzi nilikalia sindano. Isitoshe, baiskeli yangu inayumba. Nimelitazama gurudumu la nyuma nikakuta mapengo. Je, nimpeleke mbele ya wazee wa ukoo? — Mume Aliyechomwa, Butembo*

Bwana, kabla ya kuwaita wazee tupige hesabu. Soksi moja hukaa juu ya sindano nne na ya tano ndiyo ifanyayo kazi, kwa hiyo soksi tatu zilizolazwa kwa pamoja hula sindano 15. Na ikiwa gurudumu lako ni lile la kawaida lenye spoki 36, zimekubakia 21, nasi hatustaajabu kwamba baiskeli inayumba, bali twastaajabu kwamba mpaka leo unaipanda. Kwa upande wa ufundi, mke wako hakukosea hata kidogo. Spoki ina unene wa takriban milimita 2, ambao ndio utakikanao kwa uzi mwembamba wa soksi, chuma chake hakivunjiki ovyo mithili ya mwanzi, na ncha yake ikisuguliwa juu ya jiwe huteleza ndani ya kitanzi bila kuunyofoa uzi. Ndiyo maana tangu Kenya mpaka huku kwetu wafumaji wengi walioanza wakiwa shuleni walijifunza kwa spoki za baiskeli za baba zao.

Wala hatuwaungi mkono wale wahubirio kwamba mtu akamate kazi moja tu mpaka aikamilishe, maana hao, kwa kadiri tuonavyo, hawafumi. Ipo kazi ya njiani, ambayo huingia katika kikapu na kufumwa juu ya lori. Ipo kazi ya mazungumzo, iliyo rahisi kiasi cha kuendelea mkononi huku mama akizitazama kwa jicho kali fedha za likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, zikihesabiwa. Na ipo kazi ya kimya, nayo ni kisigino, au kifua cha sweta chenye michoro, ambayo mtu akisemeshwa katikati yake hupoteza hesabu na akalazimika kufumua safu nzima, kisha akamchukia aliyemsemesha mpaka jioni. Mfumaji mwenye akili huwa na moja ya kila namna. Zaidi ya hapo ndipo penye balaa, kwa sababu kila kazi iliyolala imeteka sindano zake, na sindano zikitekwa zote, fundi hutafuta nyingine gurudumuni. Basi nenda kwa fundi baiskeli, ununue spoki mpya, umkabidhi mke wako seti mbili za soksi, jozi moja nene ya sweta na kulabu moja ya vitambaa, mkubaliane mbele ya mashahidi kwamba hakuna kazi mpya itakayoanza isipokuwa kwa sindano zilizofunguliwa kutoka katika kazi ya zamani. Hilo halihitaji wazee.

Lakini swali lako la hakika hukuliandika, nalo ni kwa nini katika vyote hivyo sweta lako ndilo lisilo na mikono. Jawabu ni jepesi: halina siku. Kofia ina siku yake, kwa kuwa mtoto hangoji. Vitambaa vina siku yake, kwa kuwa wageni wa ubatizo watavikalia. Soksi za watu zina wenyewe waulizao kila Jumapili baada ya ibada. Wewe upo nyumbani leo, na kesho utakuwapo. Tangaza safari, bwana. Sema utalala Lubero kwenye baridi, utaje na tarehe, kisha utazame jinsi mikono inavyoota.

*Mimi ni kijana wa Beni, ninafuma kwa siri. Wenzangu wakijua watasema ni kazi ya wanawake. Tena Beni ni joto. Je, niache? — Mfichaji*

Usiache. Mashine ya kwanza ya kufuma soksi ilibuniwa mwaka 1589 na William Lee, kasisi wa kijiji cha Calverton nchini Uingereza, mwanamume aliyekaa akalifikiria jambo la vitanzi kwa bidii ambayo pengine ilistahili hotuba zake. Na mashine zinazofuma soksi za viwandani wavaazo hao wenzako ni wajukuu wa fikra zake. Ama kuhusu joto, fuma kwa uzi wa pamba, au ufume kwa sufu na kuziuza kwa watu wa milimani, ambao hawatauliza zimefumwa na ndevu au bila ndevu.

*Mshauri, tulitoka Luofu kwa haraka, mwaka 2024. Tulipofika nilikuta katika mfuko wa mtoto soksi moja ya mume wangu, imekwisha. Ya pili ilibaki nyumbani juu ya sindano, pamoja na uzi wote. Sasa tuko Butembo kwa shangazi yangu. Nitafute uzi wa rangi ile ile, au ningoje turudi? — Mgeni kwa Shangazi*

Mama, barua yako tumeisoma mara nyingi kuliko zote, na tunawaomba wapenda mzaha watupishe. Vita vilipoingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, njia ya kaskazini ilijaa watu, wakapita Kayna na Kirumba kwenda Lubero na Butembo, na magodoro, na masufuria, na watoto mgongoni; na ndani ya mafurushi yale, yaliyofungwa kwa dakika chache na mikono inayotetemeka, haikosi zilikuwamo nusu za vitu vingi ambavyo nusu zake za pili zilibaki nyuma ya milango.

Uzi wa rangi ile ile usiutafute, utakuchosha bure. Hata ukikuta dukani rangi ya jina lile lile, uzi uliotiwa rangi siku nyingine hutofautiana kidogo na wa kwanza, na tofauti kidogo machoni huudhi kuliko tofauti kubwa. Kama mume wako yu pamoja nawe na mguu wake unaona baridi, mfumie ya pili kwa rangi yoyote uipatayo, ya mbali kabisa na ya kwanza, aivae waziwazi. Kama mwenye baridi zaidi ni mtoto, basi fumua hii uliyo nayo: anzia ncha ya vidole, penye fundo la mwisho, na uzi utatoka kurudi nyuma mpaka mdomoni; uzungushe juu ya mgongo wa kiti, ufunge mahali patatu usijitatanishe, uoshe kwa maji ya vuguvugu, uutundike na kitu kizito chini yake ili makunyanzi yanyooke. Soksi moja ya mtu mzima hutoa uzi wa kutosha jozi ya mtoto mdogo.

Na ile iliyobaki Luofu usiihesabu pamoja na kazi ulizoziacha. Hukuiacha wewe, ilikatizwa na watu wenye bunduki, na deni lake liko kwao. Sindano tano tumempa dereva aliyetuletea barua yako. Atauliza nyumba ya shangazi.

*Mchumba wangu ni mvuvi Kyavinyonge. Ninamfumia soksi za sufu ziwe zawadi, lakini watu wananicheka kwamba ziwani hakuna baridi. Je, nimekosea? — Mchumba, Butembo*

Hukukosea. Wanaokucheka wamefika Kyavinyonge mchana, wakala samaki, wakaondoka. Ziwa Edward liko chini ya milima yetu na jua lake ni kali kweli, lakini mvuvi hulala majini, na usiku wa mtumbwi upepo hauulizi mtu yuko mita ngapi juu ya bahari. Sufu ndiyo imfaayo, kwa kuwa huhifadhi joto hata ikilowa. Chukua kibiringo cha uzi imara wa cherehani wa rangi inayokaribiana, uufume pamoja na sufu penye kisigino na vidoleni tu, maana hapo ndipo soksi za wavuvi hufa. Mwambie asizioshe kwa maji ya moto, ama sivyo zitamrudia zikiwa na kimo cha mtoto. Upime unyayo wake kwa uzi, usikisie kwa mapenzi, kisha ufume pungufu ya kipimo kwa sentimita 1 au 2, kwa sababu soksi hunyooka ikivaliwa.

Na usimpelekee ya kwanza mapema iwe mithili ya rehani. Yeye ni mvuvi, kungoja ndiyo kazi yake. Lakini furushi litapokewa na mama yake, naye atataka kujua ya pili iko wapi.