Bunduki Moja, Mikoa Mitatu

Ukitaka kununua bunduki mkononi mwa mtu hapa Punia, Maniema, bei ndiyo shughuli nyepesi. Mzee mmoja wa mtaani, mwindaji aliyeishiwa na magoti, alikubali kuniachia kalibre 12 yake kwa pesa kidogo na jogoo juu yake. Nguruwe mwitu walikuwa wamenimalizia mihogo, nami nikajitia kufuata sheria.

Sheria yenyewe ya silaha ni ya Septemba 1985, na bila kibali bunduki ni kesi. Kibali Mzee anacho. Alikitoa kwenye kopo la maziwa, kimefungwa nailoni: cha mwaka 1986, muhuri wa Jamhuri ya Zaire, Mkoa wa Kivu. Ofisini, karani alikigeuza mbele na nyuma. Kivu iligawanywa mitatu mwaka 1988, Maniema ikapata makao yake Kindu. Na Zaire yenyewe ilizikwa mwaka 1997.

"Faili hii itakuwa Bukavu," akasema. "Wathibitishe kwanza."

Bunduki haijavuka hata mto, lakini imeshahama mkoa na nchi.

Tukaingia kwenye namba ya bunduki. Mzee anapenda usafi. Chuma kile amekisugua kwa mchanga na mawese tangu enzi za Mobutu. Tarakimu ya mwisho mimi naiona 3, karani anaiona 8 kwenye karatasi, na Mzee anaapa kwamba ni 5, sababu ndiyo aliyoizoea.

Zamu yangu ikafika. Kitambulisho ni kadi ya mpiga kura, na jasho la mfukoni limenifuta uso, limebaki shati.

"Leta hati ya kupotelewa na kadi."

"Mkubwa, haijapotea, si hii hapa?"

"Basi hati huwezi kupewa. Hiyo ni ya waliopoteza."

Mzee akanikonyeza niiangushe chini ya meza.

Na hayo yote ni ya kuwa na bunduki tu. Kuwinda kuna sheria yake, ya mwaka 1982, na kibali chake, na majira yake. Sijui nguruwe wangu waliandikishwa majira gani.

Mwishoni karani alilainika. "Ileteni yenyewe tuikague namba. Lakini wewe usitembee nayo, huna kibali."

"Ailete Mzee?"

"Mzee ameshauza. Si yake tena."

"Basi ibaki kwake."

"Ikibaki kwake, umenunua nini?"

Swali hilo nimeshindwa kulijibu hadi leo, ila maisha yamejipanga yenyewe. Bunduki inalala kwa Mzee, kwa kibali cha Zaire. Jogoo alishaliwa. Mzee akisikia magoti yamepoa, anaingia shambani kwangu na kurudi na nyama. Mimi napata paja, yeye anachukua yaliyobaki, kwa kuwa, anasema, karatasi zina jina lake. Jina langu limeandikwa mahali pamoja tu: dukani, kwenye daftari la deni la risasi.