Waziri wa Fedha wa Sebuleni

Mke akiacha kazi alee mtoto, mume hupanda cheo usiku huohuo: anakuwa Waziri wa Fedha. Yule wa Dodoma husoma bajeti mara moja kwa mwaka, mwezi Juni. Huyu wetu huisoma kila gesi inapoisha. "Tubane matumizi," anatangaza, na kinachobanwa kwanza ni saluni. Kikoba nacho kinafuata, maana "sasa huna kipato". King'amuzi chenye mpira hakiguswi, hayo ni mahitaji ya msingi. Mchango wa harusi ya mfanyakazi mwenzake pia uko palepale, tena dabo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, baba 3. Hizo 3 zinatosha kabisa kuijua bei ya pampasi, ila wengi huzimaliza wakipokea pongezi. Basi mama anaachiwa elfu kumi mezani, na jioni anaulizwa, kwa upole wa mkaguzi, chenji iko wapi. Luku imeshakata kodi ya jengo humohumo, Luku haiulizwi. Ikifika tarehe 20 waziri ana wazo jipya: mama aanze kuuza maandazi, maadamu yupo nyumbani amepumzika.