Simu ya Mpwa Wangu

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke mwezi wa Julai, mpwa wangu, ambaye kwa miaka miwili hakupata kuamka kabla ya jua ila kwa kumwagiwa maji, sasa hudamka alfajiri na kuishika simu kwa taadhima ya mtu ashikaye msahafu, akingojea ile namba ya siri ya kuthibitisha chuo, na juu yake habari ya Ufadhili wa Samia, ulioanzishwa mwaka 2022 kwa mabingwa wa sayansi. Mama yake, aliyekwisha kuwabashiria majirani kuwa mwana ni daktari, haruhusu yeyote kumpigia, isije njia ikazibwa. Jana ujumbe uliingia. Nyumba nzima ikanyamaza, hata jogoo, nadhani. Alikuwa akidaiwa salio la kukopa, shilingi 500.