Kisiwa Kilichotufuata Ruziba

Mke wangu ndiye aliyeanza. Tulikuwa Buyenzi, jijini Bujumbura, chumba na sebule, na nje fundi anagonga bodi ya teksi tangu alfajiri. Yeye amekaa na mkasi mkononi, vipande vya kitenge vimemjaa mapajani, mara akauliza, "Hivi wewe, tukienda kuishi kisiwani, tutapungukiwa na nini?"

Mtu mwenye mkasi hujibiwa kwa adabu. Nikasema, "Hatutapungukiwa na kitu."

Ulikuwa uongo mtupu, kwa sababu tulikuwa tumeshapungukiwa kabla hatujaondoka.

Kisiwa alichokitaka ni Unguja. Binamu yake alikwenda huko akarudi na simu iliyojaa picha: mchanga mweupe, minazi iliyoinama, na yeye mwenyewe ameinama kama minazi. Mimi nami nilikuwa na sababu yangu ya kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, nami nimekifundisha miaka tisa bila kuitia Unguja machoni. Ni kama kuwa kadhi wa ndoa nawe hujaoa.

Tukafungua kopo la akiba. Fedha zake za upatu, ambao sisi wa Buja tunauita kirimba, ukijumlisha na nilichobakiza kwenye mshahara, zilikuwa faranga milioni moja na laki moja. Ukizitamka polepole ni nyingi. Nikachukua kalamu nyekundu, ileile ya kusahihishia madaftari, nikaanza: basi hadi mpakani Kobero, basi jingine hadi Dar es Salaam, boti, chumba, chakula. Kila nilichokiandika upande wa kule kilitaka shilingi au dola, na hiyo dola ilikuwa imetuchezea. Mei 2023 bei yake rasmi ilitoka faranga elfu mbili na kidogo ikaenda karibu na elfu tatu, na mtaani ilikuwa na bei yake nyingine ambayo watu waliitaja kwa kunong'ona. Nikagawanya, nikagawanya tena. Jibu lilikataa kukua. Tungefika Dar es Salaam salama, tukasimama bandarini, tukaipungia boti mkono.

"Basi tutafute kisiwa cha bei yetu," akasema.

Burundi haina bahari. Ina Ziwa Tanganyika, na kando ya ziwa, kusini mwa mji, kwenye barabara iendayo Rumonge, ukishaipita Kanyosha, iko Ruziba. Tulikwenda Jumamosi moja ya kiangazi. Maji yalikuwa ya buluu, milima ya Kongo imesimama ng'ambo, mitumbwi imepangwa ufukweni. Minazi haikuwapo, lakini kulikuwa na michikichi miwili, na ukifumba jicho moja ukasahau mawese, ilitosha.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mabati mazima, kodi elfu 120 kwa mwezi, garanti ya miezi mitatu. Nikajifanya mjuzi. Nikamwambia mama mwenye nyumba kwamba sheria ya maji ya mwaka 2012 inakataza kujenga chini ya mita 150 kutoka ziwani. Mama yule hakubabaika. "Ni mia na hamsini kamili, mwalimu. Nimezipima mwenyewe kwa hatua." Sikuuliza zaidi. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba alikuwa amejifunga kitenge cha kubana, na hatua zake zilikuwa kama za njiwa.

Siku ya kuhama niliichagua mimi. Nilitaka tufike usiku wa mbalamwezi, mwezi mpevu juu ya ziwa, mume na mke, samaki wa kuchoma. Kwanza gari lenyewe lilikuwa shughuli. Petroli ilikuwa imeadimika mjini, na dereva wa Probox tuliyempata aliilinda yake kama mahari ya binti wa pekee. Kila kilima alikishuka kwa kuzima injini. Cherehani cha mke wangu kilikaa kiti cha mbele, kikafungwa mkanda. Mimi nilikaa nyuma, chini ya godoro.

Tulipofika nikachukua kikapu, nikashuka ufukweni kutafuta mukeke wawili wanene. Nikawakuta wavuvi wote nchi kavu. Wengine wanashona nyavu, wengine wamelala, mitumbwi imetulia. Mzee mmoja akaniangalia kuanzia viatu hadi kikapu.

"Mwalimu, umekuja na mwezi," akasema.

"Ndiyo, Mzee, unapendeza sana."

"Kwako." Akarudi kwenye sindano yake. Kisha akanihurumia, akanieleza. Hapa watu huvua usiku kwa taa. Ndagala, yaani dagaa, hufuata mwanga, na samaki wakubwa hufuata ndagala. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, samaki wametawanyika, taa ya mvuvi haina maana tena. "Sasa ni likizo yetu. Urudi giza likiingia."

Usiku ule, chini ya mwezi mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona, tulikula maharage.

Giza lilipoingia samaki wakaja, ila nao walikuja na bei yao. Kilo ya ndagala mkavu siku hizi inashindana na kilo ya nyama, na mara nyingi inashinda. Kwa hiyo tuliishi hatua chache kutoka kwa samaki kama maskini anayekaa jirani na benki: tunawaona wanavyoingia, tunawaona wanavyotoka. Kitu pekee tulichokipata bure ni harufu. Kina mama huwaanika ndagala wao ufukweni, na upepo wa mchana ulituletea fungu letu bila kukosa. Harufu ikaingia kwenye pazia, kwenye madaftari ya wanafunzi, na mwisho kwenye vitambaa. Mteja mmoja wa Kinindo alirudisha gauni akilalamika kwamba paka wake analipenda kuliko anavyompenda yeye.

Wiki ya tatu mke wangu akapanda lengalenga, yaani mchicha, na viazi vitamu nyuma ya nyumba. Vikastawi. Usiku mmoja akanipiga kiwiko cha mbavu.

"Unakoroma."

"Niko macho."

Tukanyamaza. Mkoromo ukaendelea. Ulitokea nje, chini ya dirisha, mzito na wa kuridhika, kama wa mtu aliyeshiba ubwabwa wa harusi. Nikachungulia. Kiboko alikuwa amesimama katikati ya bustani yetu anakula lengalenga kwa utulivu wa mtu aliyelipia.

"Mfukuze," mke wangu akanong'ona.

"Kwa lugha gani?"

Asubuhi nikamwendea mzee wa nyavu. Akanipa kanuni moja tu: kiboko humzuii, humpigi mawe, na zaidi ya yote usisimame kati yake na maji. Nikamshukuru. Kanuni ilikuwa wazi: huku kiboko, huku maji, wewe kaa pembeni. Sikujua kwamba ingefika siku nisiweze kueleza huku ni wapi.

Jumapili moja, ili kufufua mapenzi, nikampeleka matembezi Mugere, kusini kidogo ya kwetu, lilipo jiwe la Livingstone na Stanley. Wageni hao walikutana Ujiji, si hapa, ingawa wapo wanaopenda kuwaambia watalii vingine. Mugere walipita tu, wakalala hapo tarehe 25 Novemba 1871, wakiwa njiani kwenda kaskazini kutafuta jawabu la swali moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Wakaenda, wakatazama, wakaona unaingia. Nilimsomea mke wangu tarehe iliyochongwa kwenye jiwe, nikamweleza habari yote kwa sauti ya darasani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Yaani walisafiri mbali kote huko kuona maji yanaingia?"

"Ndiyo."

"Na yanatokea wapi?"

"Mlango ni mmoja tu. Mto Lukuga, kule Kalemie, Kongo."

Akafikiri. "Mito mingi inaingia, mlango wa kutokea mmoja. Hiyo nyumba ina kasoro."

Nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kulicheka jambo hilo.

Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2023 hazikujua kukoma. Ziwa halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni mstaarabu: wiki hii liko kwenye mwembe, wiki ijayo liko kwenye kamba ya nguo, mara limefika choo cha nje, na hapo hatukuongea nalo tena. Aprili 2024 lilikuwa limepanda kutoka Uvira hadi Kigoma. Bandari ya Rumonge ilikuwa majini, na Gatumba watu walikuwa wamepoteza nyumba nzima. Sisi tulipoteza kabati na usingizi, kwa hiyo nitalalamika kwa kiasi.

Lakini nitalalamika. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha karibu mita 1,470, na duniani kote linashindwa kwa kina na Baikal peke yake. Mwenye nyumba ya ukubwa huo anatafuta nini kwenye chumba changu cha mita tatu kwa nne?

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usiku maji yalipoingia ndani, cha mvunguni kilipanda chenyewe. Niliamka kwa sababu sanduku la nguo lilikuwa linagonga kitanda kwa upole, kama mtu anayeomba ruhusa. Ndala yangu moja ilipita ikielekea sebuleni. Mke wangu alishaamka zamani. Alikuwa juu ya meza, amekumbatia cherehani.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akiwa amekasirika. "Yanaingia."

Kulipokucha tukatazama nje. Maji mbele, maji nyuma, maji kulia hadi kwenye ukuta wa jirani, maji kushoto hadi barabara ya vumbi, ambayo haikuwa tena na vumbi. Nikasema kwa sauti ndogo, "Angalia. Tumepata kisiwa." Sitaandika hapa alichonijibu.

Bomba, katikati ya maji yote hayo, halikutoa tone. Tulinunua maji kwa jerikeni, tukayachemsha, tukayanywa huku tumeyakanyaga mengine. Mzee wa nyavu alipita na mtumbwi pale palipokuwa bustani, akanisalimu dirishani. Akasema ziwa lina kumbukumbu nzuri: mwaka 1964 lilipanda vilevile, sasa limerudi kukagua shamba lake. Nikamuuliza kuhusu kiboko. Nisimame wapi sasa, ikiwa maji yako kila upande? Mzee akakuna kidevu. "Simama juu ya meza," akasema.

Tukainua kitanda juu ya matofali, matatu matatu, kisha matano matano. Mke wangu akashonea mezani, miguu imekunjwa. Tarehe mosi mama mwenye nyumba akaja kuchukua kodi. Alikuja kwa mtumbwi, ameketi wima, mwavuli juu, kitenge kilekile. Nikamwonyesha sakafu, yaani nikamwonyesha mahali sakafu ilipokuwa.

"Naona, mwalimu. Pole sana. Lakini nyumba imezama, kodi haizami." Akatazama nje, kisha akaongeza, bila hata chembe ya mzaha, "Na sasa mna ziwa mlangoni kabisa. Wenzenu hulipia hivyo kwa dola."

Kwenda kazini ikawa safari. Kutoka mlangoni hadi mahali pakavu vijana walikuwa wamefungua usafiri wa mgongoni: faranga 500 kwenda, 500 kurudi. Siku ya kwanza nikasimama kizingitini, suruali imepasiwa, viatu mkononi. Kijana mwenye mabega mapana akageuka, akainama.

"Yambu, Mwalimu! Panda."

Nikamtambua. Alikuwa darasa la tisa kwangu, na kwenye mtihani wa ngeli nilimpa nne kwa ishirini. Nikapanda, sikuwa na la kufanya. Tulipofika katikati, maji yamemfika mapajani, akasimama.

"Mwalimu, kisiwa ni ngeli gani?"

Mwenye mgongo ndiye mwenye shule. "KI-VI," nikajibu upesi.

"Wingi?"

"Visiwa."

"Fafanua maana yake."

"Ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote."

Akageuka taratibu, mimi nikiwa juu yake, mpaka tukaielekea nyumba yangu. Mlango uko wazi. Mke wangu yuko mezani anashona, chini ya meza ndala yangu inaogelea.

"Sasa, Mwalimu, nchi kavu iko wapi?"

Nikatazama kwa makini. Nikatafuta. Nikakosa.

"Nne kwa ishirini," akasema, akaendelea kutembea.

Maji yalikaa wiki sita kabla hayajaanza kurudi nyuma. Yalipotoka sakafuni tulisugua kuta, tukaanika godoro juani karibu na ndagala, kisha jioni mke wangu akaniletea kalamu nyekundu. Tukapiga hesabu ya kisiwa chetu: garanti, kodi, Probox, matofali, kabati, jerikeni za maji, lengalenga za kiboko, gauni la Kinindo, na kubebwa mgongoni, elfu moja kwa siku, siku thelathini za shule. Nikajumlisha mara mbili. Kwa fedha zile tungefika Unguja kwa boti, tukalala usiku nne, tukapiga picha tumeinama.

Mke wangu akaisoma karatasi kutoka juu hadi chini, kidole kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Huyu wa kukubeba, ndiye yule aliyekupa nne?"

"Ndiye."

Akachukua kalamu, akafuta neno "usafiri", na juu yake akaandika "ada ya shule."