Upanga Uliovunjika, Enzi Isiyovunjika

Wapo wasio na adabu wanaouliza kwa nini Aragorn, katika The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, anazunguka porini na upanga uliovunjika huku Wapanda Farasi Weusi wakiwawinda wenzake. Hawajui kusoma alama. Upanga huo, Narsil, ulivunjika mfalme Elendil, babu yake wa kale, alipoanguka vitani, na vipande vyake vikatunzwa kwa zaidi ya miaka 3000, hatimaye huko Rivendell, ambako wahunzi stadi hawakukosekana. Mshamba angewapelekea mwaka uleule. Wenye hekima walijua kwamba upanga mzima hukata tu; uliovunjika hutukuzwa.

Tena unarahisisha utawala. Kwa karibu miaka elfu, wasimamizi wa Gondor, ufalme wa Elendil uliobaki bila mfalme, walijisumbua kulinda mipaka na kuzika askari wao. Vibarua wale! Akitokea mwenye kipande cha chuma kutoka kaskazini, nani atamvunjia heshima kwa kumuuliza anajua nini kuhusu kodi, maji au ghala la nafaka? Upanga umeshajibu. Hata Arthur wa Uingereza, alipochomoa wake jiweni, hakudaiwa kuonyesha alivyowahi kusimamia banda la kuku. Kura zina wino, foleni na kelele. Upanga hauhesabiwi mara mbili.

Basi mwenye kuutaka ukubwa aanze mapema: atafute chuma cha babu, akivunje vizuri, akitunze. Na asikubali kamwe kiungwe kabla ya wakati, wananchi wasije wakaomba kukiona kikikata.